Mawe ya mwezi, matofali ya Papa

Alhamisi, tarehe 12 Februari. Mvua tangu saa nane mchana.

Bati la nyumba yetu linapiga kelele hata simsikii vizuri Bibi akikohoa chumba cha pili. Naandika kwenye simu ya Papa, baba yangu. Betri imebaki kidogo, na mikono yangu inanuka moshi wa tanuru ingawa nimenawa mara mbili.

Leo nimefanya mambo mawili ambayo siku zote huyakimbia. Nimesema mbele ya darasa zima, na nimesema kweli ofisini. Sijisikii shujaa. Najisikia kama mtu aliyetapika: tumbo jepesi, uso wenye aibu.

Nianze na Jumatatu.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunaandikishwa kwa mtihani wa taifa. Kila mmoja anajaza fishi, karatasi ngumu yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Jina lako, jina la baba, jina la mama. Kisha inakuja mistari ambayo kila mtu katika nchi hii anaijua tangu utoto: mkoa wa asili, teritwari, sekta, kijiji. Hawaulizi unapoishi. Wanauliza baba yako alikotoka, na baba yake kabla yake. Unaweza kuzaliwa hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, ukalala Mikelenge kila usiku wa maisha yako, lakini kwenye mistari hiyo Mikelenge haikubaliki.

Katibu wa shule aliniita. Mezani alikuwa ameweka fishi mbili bega kwa bega: yangu, na ya mdogo wangu Shabani ambaye anamaliza shule ya msingi hapo hapo kwetu. Ya Shabani ilijazwa na Bibi, ikataja kijiji cha upande wa Kasongo. Yangu ilitaja kijiji cha upande wa Pangi.

"Baba mumoja, mama mumoja, asili mbili," katibu akasema. "Ninyi mulizaliwa na barabara?"

Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai wakacheka.

"Mikelenge haiwezekani, mwalimu?" nikanong'ona.

"Mikelenge njo fasi munalala. Miye nauliza munatoka wapi. Alhamisi uniletee asili moja. Bila hiyo jina lako haliendi kwenye orodha."

Bila orodha hakuna mtihani. Bila mtihani hakuna chuo, na mimi kitu ninachokijua duniani ni kusoma tu.

Sasa niungame. Kijiji kile cha Pangi kipo, lakini sisi hatuna hata kaburi huko. Nilikichagua mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na miwili, siku niliyojaza fishi ya kumaliza shule ya msingi. Nilipofika kwenye mstari wa kijiji nilishindwa kumuuliza Papa. Nikafungua ramani katika kitabu cha jiografia, nikatafuta jina fupi lililo karibu na mto. Nikaliandika kwa mwandiko mzuri sana. Tangu siku hiyo nimelirudia kwenye kila karatasi, na uongo ule ukakomaa kama mti uliopandwa kando ya choo.

Ubaya ni kwamba ulizaa. Furaha, ninayekaa naye dawati moja, ni wa sekta ile ile kweli kweli. Mwaka wa kwanza alichungulia fishi yangu, akapiga kelele ya furaha, na toka hapo ananiita "ndugu ya kijiji". Ndugu ya kijiji, niazime kalamu. Ndugu ya kijiji, shika hii ndizi. Kila asubuhi ananisalimia kwa lugha ya kwao. Mimi huitika kwa kucheka, naye hudhani ni haya yangu ya kawaida.

Kwa nini sikumuuliza Papa? Kwa sababu Papa haulizwi. Wateja wanaokuja kununua matofali humtania: "Papa Ramazani, weye njo muntu wa wapi?" Naye hujibu daima: "Muntu wa matofali." Wanacheka, anacheka, mazungumzo yanaisha. Nilijua tu kwamba Bibi si mama aliyemzaa, kwamba walikutana miaka ya vita, na kwamba jina la Ramazani alipewa na Bibi kwa kuwa walikutana mwezi wa kufunga. Mambo mengine yalikuwa kama chumba kilichofungwa. Tulikipita kila siku bila kugusa mlango.

Wiki tatu kabla ya hayo yote, mwalimu wa jiografia alitugawia mada za ekspoze. Kila mmoja alipaswa kusimama mbele ya wenzake na kueleza jambo moja. Wengine walipata mito, wengine volkeno. Mimi nilipata asili ya mawe ya mwezi yaliyoyeyuka kwa kugongwa.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa mbuzi. Nilisoma kitabu cha kale cha parokia ambacho kurasa zake zimeliwa na mchwa, na vitu vingine nilivipakua mjini, mtaa wa Kasuku, penye mtandao wa afadhali. Nilisoma hadi nikaanza kuota vumbi la kijivu.

Nilichojifunza ni hiki. Mwezi hauna hewa ya kuukinga. Kimondo kikubwa kikija, kinafika na mwendo wake wote, maelfu ya mita kwa kila sekunde, na kinaposimamishwa ghafla mwendo ule unageuka joto. Mwamba uliokuwa umetulia tangu mwanzo unayeyuka kabla ya mtu kumaliza kupepesa jicho. Mwingine unatuama chini ya shimo kama dimbwi la uji wa moto. Mwingine unarushwa mbali, pengine mamia ya kilomita, na kuangukia nchi isiyo yake. Unapopoa unakuwa jiwe jipya. Ukipoa haraka unakuwa kama kioo cha chupa. Ukipoa polepole unaota fuwele.

Mtu anaweza kulidhania ni jiwe la volkeno. Ila ukilikata na kulitazama kwa darubini unaona ndani yake vipande vya mawe mengine ambavyo havikuwahi kuyeyuka, vimeng'ang'ania humo kama maharage ndani ya wali. Wakati mwingine kuna chembe za madini ya kile kimondo chenyewe. Jiwe limebeba mwili wa kilicholipiga.

Nilisoma ukurasa huo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Halafu kuna suala la umri. Ndani ya mawe kuna saa. Aina moja ya madini inageuka gesi polepole, kwa kipimo kinachojulikana, na gesi inafungiwa humo. Ukiipima unajua miaka. Lakini jiwe likiyeyuka vizuri, gesi inatoroka yote, na saa inaanza tena kutoka sifuri. Kwa hiyo ukiliuliza jiwe hilo lina miaka mingapi, linakupa siku lilipopigwa. Siku lilipozaliwa limeisahau.

Mengi ya mawe yaliyoletwa na watu waliotua mwezini yanataja umri unaokaribiana, kiasi cha miaka bilioni tatu na milioni mia tisa. Wasomi bado wanabishana. Wengine wanasema zama hizo vimondo vilinyesha kwa wingi kila upande. Wengine wanasema hapana, ni pigo moja kubwa ambalo vipande vyake vilitapakaa kila mahali, ndiyo maana popote unapookota jiwe unakuta hadithi ile ile.

Mimi sihitaji darubini kuelewa ubishi huo. Pita mtaani kwetu uulize kila nyumba: mulifika hapa lini? Yule wa kona atasema wakati wa vita. Mama muuza samaki atasema wakati wa vita. Papa wa baiskeli atasema hivyo hivyo. Hakuna anayekwambia alikuwa nani mwezi mmoja kabla.

Hiyo sikuiandika kwenye daftari la ekspoze.

Jana nilimpelekea Papa chakula kwenye tanuru. Alikuwa anabomoa lile la wiki iliyopita, mvua isije ikamkuta. Matofali yaliyokuwa karibu na mdomo wa moto yalikuwa yamezidiwa na joto, yakashikana na kuwa donge jeusi linalong'aa. Hayo hayauziki. Papa huyatupa kwenye mashimo ya njia ili baiskeli zisizame.

"Papa, nipe hilo moja."

"La kufanya nini? Halijengi hata choo."

"La masomo."

Akacheka kidogo, akalifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akaanza kunionyesha, kwa kuwa Papa ni mtu wa kazi yake, na akiulizwa juu ya udongo haoni haya. Yeye huchanganya udongo wa kichuguu, unaoshika, na udongo wa kando ya mto Lualaba, wenye mchanga. Upande huu njo kichuguu, akasema, na huu njo wa mutoni, lakini hapa katikati hata miye niliyechanganya sijue tena. Halafu akaweka ukucha juu ya kitu kidogo cheupe, kikubwa kama punje ya mchele.

"Hii ni ya mutoni. Moto haukuiweza."

Katika kitabu changu kuna ukurasa unaosema jambo hilo hilo. Zipo punje ndogo sana, ngumu, ambazo huvumilia mgongano. Jiwe zima linataja siku ya pigo, lakini punje moja ndani yake bado inahesabu tangu zamani, kabla ya yote. Nikahisi baridi juani.

Nikamuuliza. Sijui nani aliusukuma mdomo wangu.

"Na weye, Papa, ulitoka wapi?"

Hakusema "muntu wa matofali". Alinipa mgongo, akaendelea kupanga matofali mazuri, manne manne, na akaanza kuongea nayo badala ya kuongea na mimi.

Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Umri huo alikadiriwa na Bibi kwa kumtazama meno: mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, moja jipya linachungulia. Anakumbuka mgongo wenye jasho uliombeba, na kanga iliyonuka mawese. Anakumbuka watu wengi wakitembea bila kuongea. Na anakumbuka mama yake akichuchumaa mbele yake, akimbana mashavu kwa mikono miwili, akimwambia: "Wakikuuliza unatoka wapi, nyamaza. Hata wakikupa mukate, nyamaza."

Siku hizo swali la kwanza la mtu mwenye bunduki lilikuwa hilo: unatoka wapi? Waliouliza walikuwa wakibadilika. Jibu lililomwokoa jirani yako wiki jana lingeweza kukuua leo. Mama yake alimpa jibu pekee lisilo na kijiji.

Kisha kulikuwa na mlio wa bunduki, watu wakaingia porini kila upande, na alipotoka barabarani hakumwona aliyemjua. Akakaa chini. Bibi alikuwa anarudi kwa miguu kutoka Pangi alikopeleka chumvi. Akamuuliza: mutoto, weye wa nani? Unatoka wapi? Mtoto akanyamaza. Bibi akampa kipande cha mhogo. Akala, akanyamaza. Bibi alipoondoka, akamfuata nyuma hatua kumi, hivyo hivyo hadi Kindu.

Miezi ikapita. Majirani walimwita Bubu. Bibi mwenyewe aliamini kwamba mtoto hana ulimi. Hadi siku moja alipokuwa ndani anashona, akasikia sauti asiyoijua mlangoni: "Mama, muhogo inalowana." Mvua ilikuwa imeanza na mhogo ulikuwa umeanikwa nje. Bibi anasema alilia kabla ya kwenda kuanua.

Siku hiyo Papa alitaka kumwambia yote. Jina la kwao, jina la mama yake, mto wao. Alikuwa amekwisha kumwamini.

Akatafuta kichwani, hakukuta kitu.

"Nilinyamaza muzuri sana," Papa aliyaambia matofali. "Nikanyamaza mupaka ikaisha."

Nilikuwa nimeshika sahani tupu. Nilitaka kumgusa bega, nikashindwa. Sisi si watu wa kugusana mabega.

Nikamweleza ya katibu na zile fishi mbili. Akasema, "Andika kijiji ya Bibi. Njo ilinipokea."

Leo asubuhi nikasimama mbele ya darasa na donge langu jeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Sauti ilikwama kama kawaida.

"Sauti!" wakapiga kelele nyuma. "Tunaona midomo tu!"

"Mwacheni," Furaha akasema, "huko mwezini hakuna hewa, maneno hayapiti."

Darasa likaangua kicheko, hata mwalimu, na kicheko kile kikanisaidia. Nikaeleza kimondo, joto, dimbwi, saa inayorudi sifuri. Nikapitisha donge mkono kwa mkono. Nikawaambia wasije wakakosea: tanuru la baba yangu linachoma siku tatu, kimondo kinamaliza kwa kufumba na kufumbua, ila jicho linaona kitu kinachofanana.

Mwishoni mwalimu akauliza, "Basi jiwe la namna hiyo, asili yake ni wapi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la kitabu. Nikasema lingine. Nikasema mwamba wa kwanza ulikuwepo, na ulikuwa na mahali pake, ila kilichotokea kimefuta anwani. Tunachoweza kupima kwa hakika ni pigo. Ya kabla ya hapo inabidi tuyasome katika punje zilizosalia, na jiwe lisipokuwa na punje, tukubali kwamba hatujui, tusilipachike asili ya uongo kwa kuwa karatasi ina nafasi.

Mwalimu akasema ni vyema. Wenzangu walikuwa wanaligombania donge.

Saa sita nikaenda kwa katibu na fishi mpya. Nilikuwa nimeandika kijiji cha Bibi. Ningeweza kuiweka mezani na kuondoka. Badala yake nikasema kwamba kile cha Pangi nilikitoa kwenye ramani.

"Kumbe ulidanganya."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hiki cha sasa ni kweli?"

"Ni kweli ya Bibi," nikasema. Nikaeleza kidogo, vibaya, kwa maneno yasiyofuatana: barabara ya Pangi, miaka ya vita, mtoto aliyenyamaza. Safari hii hakuna aliyecheka. Katibu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuniuliza zaidi. Aliichukua fishi yangu, lakini hakuiweka juu ya lile fungu kubwa la wenzangu. Aliiweka peke yake, upande wa dirishani, akalaza rula juu yake.

"Orodha inabandikwa Jumatatu," akasema. "Nenda."

Sijui upande wa dirishani maana yake nini.

Nikamtafuta Furaha nikamwambia na yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, uso umemkauka. "Basi miaka yote nilikuwa nakusalimia bure," akasema. Nilimweleza kwamba haikuwa bure, kwamba nilikuwa nangoja salamu ile kila asubuhi. Kengele ya mchana ilipolia alikaa na wasichana wa nyuma. Pembeni yangu dawatini palibaki donge la Papa, limerudi kutoka mikononi mwa watu likiwa limevunjika pembe.

Niliporudi mvua ilikuwa imeshika. Nikapitia kwenye tanuru kumsaidia Papa kufunika matofali. Akaja mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini anayejenga duka Kasuku, ameloa hadi viatuni, akajibanza nasi chini ya turubai. Akagonga tofali moja kwa lingine, yakalia vizuri. Akafurahi.

"Papa Ramazani, unayuwa kazi. Weye njo muntu wa wapi?"

Papa akafungua mdomo. Akanitazama. Maji yalikuwa yanaporomoka kutoka ukingo wa turubai kati yetu na barabara, na kwa mara ya kwanza nilimwona akichelewa kujibu. Nikawaza: baada ya jana, leo atasema.

"Muntu wa matofali," akasema.

Yule mteja akacheka sana, akampiga mgongoni. Papa akacheka naye. Mimi nilijifanya natafuta kamba.

Nimekaa hapa nikilifikiria jambo hilo tangu tulipofika nyumbani. Kwanza nilikasirika. Sasa sikasiriki tena. Nilidhani Papa hana punje hata moja, kwamba kila kitu kiliyeyuka barabarani. Lakini kuna neno moja aliloambiwa na mama yake akiwa amebanwa mashavu, na neno hilo lipo zima. Amepoteza jina la mama, uso wa mama, mto wa mama. Bado anamtii.

Bibi ameacha kukohoa. Shabani analala. Betri inaniambia niache.

Jumatatu nitakwenda mapema kabla ya wengine, nisome ile orodha nikiwa peke yangu mlangoni. Huenda jina langu litakuwemo. Huenda bado litakuwa dirishani chini ya rula. Halafu nitamsubiri Furaha getini, nami ndiye nitakayemsalimia kwanza, kwa sauti, hata kama hataitika.

Papa aliambiwa anyamaze. Mimi hakuna aliyeniambia.